Pumzi Aliyoshuka Nayo Baba Yako

Mwanangu Mwadi, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na sijawahi kukusimulia. Nilidhani nitaondoka nayo duniani. Lakini umekuja kuniambia kwamba umekodi chumba kule Dilala, unataka kuwafundisha vijana kupumua na kubadilisha fikra zao ili waishi vizuri, na umeniomba baraka. Baraka nitakupa. Kwanza nisikilize, kwa sababu kazi hiyo unayodhani ni mpya, baba yako aliijua, na alikufa akiwa anaijua.

Unajua kwamba alifia shimoni. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Tulikuwa vijana, yeye anachimba, mimi naosha madini mtoni na wanawake wengine, na jioni tunarudi nyumbani tumefanana kwa vumbi. Wachimbaji wengi walikunywa pombe ya lutuku kabla ya kushuka. Siwalaumu. Ukiliona shimo lile, jembamba, giza tupu, na kamba tu ya kushikilia, nawe ungetafuta kinywaji cha kukutia moyo.

Kundi la baba yako lilikuwa na mzee mmoja, Tata Kasongo, aliyefanya kazi chini ya ardhi tangu ujana wake. Yeye alikataza lutuku. Badala yake aliwaketisha juu ya mifuko ya udongo kwenye mdomo wa shimo, wavute pumzi taratibu kwa pua, waitoe taratibu zaidi kwa mdomo, mpaka moyo utulie. Kisha alimwendea kila mmoja na kumwuliza anawaza nini. Aliyesema anaogopa, Tata alikaa naye wakaichambua ile hofu: ni ya kamba, ni ya hewa, au ni ugomvi tu wa nyumbani? Hofu ya bure alimsaidia mtu kuiacha. Hofu ya kweli aliitii, na siku hiyo mtu huyo hakushuka. Wachimbaji wa mashimo mengine waliwacheka, wakasema wale wako kanisani.

Baba yako aliipenda sana ile pumzi. Kuulizwa ndiko hakukupenda. Alikuwa mtu wa utani, mwepesi wa kujibu, na ukimgusia jambo la moyoni anakuchekesha mpaka unasahau ulichouliza. Mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Siku moja alirudi kichwa kinamuuma. Aliniambia mashine ya kusukuma hewa ilikuwa inazimikazimika, na kule chini hewa imekuwa nzito. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza, nawe ukiwa mgongoni. Niliona anaifunga kamba kiunoni, anaifungua, anaifunga tena. Akaketi juu ya mfuko, akapumua kama alivyofundishwa, na kweli mikono ikatulia. Tata Kasongo akamwinamia.

"Uko unawaza nini?"

"Hakuna kitu, tata. Niko bien, niko muzuri."

Mzee akamwambia angoje mashine itengenezwe. Baba yako akacheka, akasema hajawahi kutulia kama leo, atatangulia yeye kuangalia, wenzake wamfuate. Akakupapasa kichwa, akashuka. Baada ya muda walimwita, hakuitika. Walipomvuta kwa kamba, ile hewa mbaya ilikuwa imeshammaliza.

Mwanangu, alikuwa ameacha lutuku, lakini pumzi aliigeuza kuwa lutuku nyingine. Aliitumia kuinyamazisha hofu iliyokuwa inamwambia ukweli. Mpaka leo nikiona mtu aliyetulia sana, mimi huingiwa na wasiwasi.

Na mimi nilifuata njia ile ile. Kwenye kilio, wanawake wameketi kwenye mikeka wanaomboleza, mimi niliketi katikati yao navuta na kutoa pumzi, macho makavu. Wengine walinisifu kwamba nina nguvu. Mashemeji walinong'ona kwamba sikumpenda. Maziwa yakaanza kukauka, nawe ukawa unalia kifuani kwangu kutwa nzima, na mimi bado napumua taratibu, najiambia yote ni sawa. Ungeweza kuniponyoka vile vile.

Tata Kasongo akaja, akaketi chini mbele yangu, jambo ambalo mzee kama yeye halifanyi. Akaniuliza swali lake. Nikamjibu kwamba hakuna kitu.

"Ni vile naye alinijibu," akasema. "Mama Mwadi, ile pumzi ni ya kukusaidia usikie roho yako. Haiko ya kuifunga kinywa."

"Mi namukasirikia, tata," nikasema. "Alijua ile hewa iko mubaya, akaenda. Akatuacha."

Nilipokwisha kusema hayo, nililia mpaka wale mashemeji wakaja kunishika. Mzee naye alilia, kwa kuwa siku ile alimwambia baba yako angoje, lakini hakumshika mkono. Maziwa yalirudi polepole. Hasira ilichukua muda mrefu zaidi, na huzuni, sitakudanganya, bado ninayo.

Basi wafundishe hao vijana kupumua, ni kitu kizuri. Lakini wakishatulia, waulize, na anayekujibu haraka kwamba yuko bien, usimpite. Usikimbilie kumpa fikra nzuri kabla hajaitoa ile mbaya, kwa sababu hiyo mbaya huenda ndiyo inayomwokoa. Kama hofu yake ni ya bure, msaidie aiache. Kama ni ya kweli, mshike mkono, hata mbele ya watu, hata akikuona umemwaibisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio na subira, akuongezee miaka ambayo baba yako hakuipata. Na wale utakaowazuia wasishuke, warudi kwao wamekukasirikia, lakini wazima.