Joto Nililoliacha Lipande

Bado nina hasira na yule daktari, na asiniambie mtu nimsamehe. Tulimwita daktari ingawa alikuwa tabibu wa zahanati, na zahanati ilikuwa moja tu katika kata ile ya milimani, ndani kabisa ya Ngorongoro, nilikopangiwa kufundisha baiolojia. Gari la kwenda Karatu lilipita mara mbili kwa wiki.

Likizo ya Juni tulikuwa Mang'ola, bondeni, kwenye vitunguu vya mama mkwe wangu. Tukarudi naye. Shule ilipofunguliwa tu, asubuhi moja binti yangu wa miaka minne akaanza kutetemeka. Mama mkwe akasema ni baridi ya huku juu, akamfunika blanketi mbili. Nikazitoa. Mtoto alikuwa anawaka. Nikampa dawa ya maji ya kushusha homa, nikambeba mgongoni mpaka zahanati.

Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Zamu yetu ilipofika, jasho lilikuwa limeshamtoka, amepoa, anachezea kifungo cha sweta yangu. Daktari akamwekea kipimajoto kwapani, akakitazama, akasema hana homa. Nikamweleza habari za Mang'ola na mbu wake, nikamwomba amtoboe kidole apime malaria. Akajibu kwamba vipimo vimebaki vichache, ni vya wenye homa, na huku juu kinachosumbua watoto ni mafua. Nikamwambia amepoa kwa sababu nimempa dawa. Akatabasamu.

"Basi dawa imemsaidia, mama. Endelea nayo."

Jambo hilo nalifundisha mwenyewe darasani. Vimelea vikiingia kwenye damu, askari wa mwili hupeleka habari kichwani, na ubongo hutengeneza kemikali inayoitwa prostaglandini. Kemikali hiyo huamrisha ile sehemu ndogo ya ubongo inayopanga joto la mwili ipandishe kiwango. Hapo joto la kawaida huonekana ni baridi, ndiyo maana mtoto hutetemeka huku anawaka. Dawa niliyompa huzuia kemikali hiyo isitengenezwe, basi. Kiwango hushuka, jasho hutoka, na vimelea huendelea kula damu yake bila wasiwasi wowote. Yule bwana alikuwa ameipima dawa yangu, mtoto hakumpima. Na gari lilikuwa linapita keshokutwa.

Kesho yake, baada ya chai, akaanza tena kutetemeka. Chupa ya dawa ilikuwa juu ya kabati, nikaiacha hapo hapo. Nilitaka homa ipande mpaka kipimajoto cha yule mtu kikubali. Nilijua ikipanda sana anaweza kupata degedege mgongoni mwangu, na bado niliiacha. Mama mkwe akaifuata chupa, nikamnyang'anya. Hatukuwahi kugombana kabla ya siku ile.

"Unamtesa mjukuu wangu," akasema, "kwa sababu unataka kumshinda daktari."

Nikajaribu kumweleza habari za vipimo, lakini sauti yangu ilikuwa ya kufoka na hakunisikiliza. Mtoto alikuwa anatutazama. Akaninyooshea mkono.

"Mama, nipe ile tamu."

Nikamwambia baadaye. Akaomba tena njiani, mara mbili, meno yakigongana, kisha akaacha kuomba. Nilitembea nikimtukana daktari moyoni kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Safari hii hatukukaa kwenye benchi. Kipimajoto kilipita thelathini na tisa na nusu. Kidole kikatobolewa bila mimi kuomba, na mistari miwili ikajitokeza. Ilikuwa malaria. Akaanza kumtayarishia dawa haraka haraka, akiniangalia kwa pembe ya jicho.

"Wewe ni mwalimu," akasema, mlango ukiwa wazi na akina mama wote wa benchi wakisikia. "Unamwachaje mtoto achemke hivi bila hata kumpa dawa ya kushusha homa?"

Maneno nilikuwa nayo, tena mengi. Lakini dawa za mwanangu zilikuwa mkononi mwake, nikasema asante.

Alipona. Sasa ana miaka saba na tumehamia Karatu, pamoja na bibi yake. Akijisikia vibaya haji kwangu. Huenda kitandani kwa bibi, na mimi huambiwa akishapoa.