Barua Niliyoandika Kuhusu Madirisha ya Dada Yangu

Admin, nifiche jina, ingawa mwenye akili zake atanijua.

Nina miaka 39, Mkenya, naishi Longbridge hapa Birmingham. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Dada yangu mkubwa ni nesi. Mwaka jana alinunua nyumba ya kale ya mawe kijijini, nje ya jiji, akamleta mama yetu akae naye. Siku ya kuiombea nyumba, mbele ya kanisa letu lote, alinishika bega akasema, "Huyu ni mdogo wangu, kazi yake ni kuosha wazungu makalio." Watu wakacheka. Mama pia akacheka. Niliendelea kugawa chapati, lakini inaniuma mpaka leo.

Baadaye akanipigia simu. "Hii baridi inapitia kwa madirisha, mama anakohoa. Nataka kuweka ya plastiki, yale double ya vioo viwili. Wewe kazi yako huwa huko vijijini, ama kuna permission ya kuomba?"

Nilijua. Mzee ninayemtunza anaishi kwenye nyumba kama hiyo, na amenieleza mara mia kwamba inalindwa na sheria kwa ukale wake, hubadilishi hata dirisha kabla halmashauri haijakubali. Nikamjibu, "Si nyumba ni yako? Title deed unayo. Weka tu."

Akaweka, ya zamani akayatupa. Mimi nikaiandikia halmashauri barua bila jina, na nikaambatisha picha zile alizotuma mwenyewe kwa grupu ya familia akijisifu.

Sasa ameamriwa ayang'oe na kuchongesha ya mbao kama yale ya kwanza. Anaweza hata kushtakiwa, na anaogopa kupoteza leseni ya unesi.

Yeye anaamini aliyemchoma kwa halmashauri ni jirani, bibi wa kizungu ambaye ndiye rafiki pekee wa mama pale. Walikuwa wakifuma sweta pamoja, hawaelewani lugha, wanacheka tu. Jumapili, nikiwa kwao, bibi alikuja na keki. Dada akamfokea, "You wicked old woman, don't come here again!" Bibi akanitazama mimi, labda nimtetee. Nikamfungia mlango. Mama alilia hadi jioni akiuliza rafiki yake amekosa nini.

Halafu dada akanishika mkono. "Ni wewe tu umesimama na mimi. Saturday uongoze maombi, Mungu amuumbue huyo adui." Nikakubali.

Nitawaambia ukweli wote: nikikumbuka uso wake akisoma ile amri, bado nafurahi. Halafu namkumbuka yule bibi na keki yake mlangoni, na ndiyo maana nimewaandikia.

Leo ni Ijumaa, maombi ni kesho. Dada husoma ukurasa huu kila siku, lakini akiwa zamu hashiki simu mpaka saa mbili usiku. Mna hadi hapo kunijibu: nimwombe admin aifute barua hii, au niiache dada aisome?