Mwanasayansi wa Pili

Salhiya amefanya kazi maabara ya hospitali miaka mingi, na mpaka leo mama yake, Bi Mwanapili, akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu: "Anapima mikojo ya watu." Husema hivyo bila ubaya, hata harusini. Salhiya keshamweleza habari za damu, vijidudu na darubini mpaka kachoka. Inamuuma, tena sana, maana ni mama huyu huyu aliyekaanga maandazi kila alfajiri ili yeye asome.

Basi wageni walipokuja Fumba kupiga filamu ya kutisha, wakawa wanatafuta mwanamke anayejua kushika darubini, Salhiya hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitaka jambo moja tu: mama amwone kwenye kioo kikubwa, na koti jeupe, anaitwa Daktari.

Mwongozaji alikuwa kijana wa Kizungu, Markus, aliyesomea Kiswahili Mji Mkongwe na hakuacha watu wasahau. "Filamu yangu ina watu wa kila aina," alisema. Hakudanganya. Mzungu alikuwapo, Mchina, Mhindi, na Salhiya na mtandio wake, wote wanasayansi. Wanafuga mwani kwenye tangi, mwani unapata akili, unakula watu. Ila yule Mzungu alikuwa Dokta Helena. Salhiya kaandikwa Mwanasayansi wa Pili, na mwani ulimla kabla hajamaliza chai.

"Mimi sina jina?" aliuliza.

"Unakufa mapema," Markus alimjibu kwa upole. "Halitahitajika."

Salhiya akanywea. Akafa kama alivyoelekezwa.

Yakabaki mazishi, maana Markus alitaka mwani uchipue kaburini. Fumba nzima hakuna aliyekubali mtu aliye hai alazwe kaburini kwa mchezo, kwa hiyo sanda ukavishwa mgomba. Wa kusoma talkini, yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, akaletwa Mzee Pandu, Mtumbatu, jirani wa kina Salhiya mjini. Nusu ya mtaa kaizika yeye.

Mzee Pandu akachutama. Kamera zikawashwa.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mwanasayansi wa Pili," alisema Markus.

"Simsomei mtu asiye na jina. Maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, ndo ajue anaambiwa yeye."

Markus akamweleza kwamba huo ni mgomba. Mzee Pandu akasema anauona.

Jua likawa kali, waombolezaji wa kukodi wakaanza kuulizana chakula. Markus akachoka.

"Haya. Aitwe Dokta Asya."

"Na mama yake?"

"Yeyote."

Sasa Mzee Pandu tangu azaliwe hajapata kumzika mtoto wa yeyote. Akamtupia jicho Salhiya, aliyesimama pembeni na soda yake, mazoea yakamshinda: "Ewe Dokta Asya binti Mwanapili..."

Salhiya mwili ukamsisimka. Mama yake mzima, anatajwa kaburini! Aliogopa, akafurahi, akaona haya kwa kufurahi.

Filamu ilionyeshwa alasiri moja kwenye ukumbi wa hoteli Kendwa. Salhiya hakuitazama, alimtazama mama. Koti jeupe likapita, Bi Mwanapili anatafuna njugu. Mwani ukamla mwanawe, anatafuna njugu. Kisha ikaja sauti ya Mzee Pandu, na taya likasimama.

"Wamenitaja," alisema.

"Wamekutaja, mama."

"Dokta, binti Mwanapili."

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanapili akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamshika mwanawe mkono, hakuuachia tena. Mwani ukamla Mchina, ukamla Mhindi. Mwisho akabaki hai Dokta Helena peke yake, anatembea ufukweni, muziki unalia.

Bi Mwanapili akamwinamia Salhiya.

"Na yule Mzungu, mama yake nani?"

"Hawakusema."

"Maskini," alisema Bi Mwanapili.