Trela ya Mahindi Barabara ya Ikutha

Mwaka ule wa njaa, miaka ya themanini, mimi na mume wangu tulikuwa na duka Ikutha. Mahindi tuliyafuata Kibwezi kwa pikapu, na pikapu peke yake ilipokuwa haitoshi, mume wangu akatengenezesha trela ya magurudumu mawili.

Safari ya kwanza tu nikaingiwa na wasiwasi. Trela ilipofungwa, nyuma ya pikapu ilizama mpaka springi zikanyooka, na pua ikaelekea juu. Kwenye kilima usukani ukawa mwepesi.

"Magurudumu ya mbele hayashiki barabara," mume wangu alisema polepole, kana kwamba hakutaka gari lisikie.

Tukalipeleka gari kwa fundi. Aliinama, akachungulia, akasema magunia yamejazwa mbele mno ya trela, yanakandamiza kulabu ya kuvutia trela. Yasogezwe yakae juu ya ekseli, pale penye magurudumu, upande wa mbele ubaki mzito kidogo tu. Kisha akafungua springi za pikapu na kuongeza jani moja la chuma kila upande.

"Sasa haitalala," alisema. "Lakini chasi, mifupa ya gari, ni ile ile, mzee. Usiongeze mzigo."

Mume wangu aliitikia. Ila pikapu iliposimama sawasawa na trela nyuma yake, aliizunguka akitabasamu, na safari iliyofuata akapakia magunia zaidi na pipa la mafuta ya taa. Gari halikuzama. Nilipomkumbusha maneno ya fundi, alinionyesha tu kwa kidole: "Mama, si unaona lilivyokaa?"

Nililiona. Lakini kila tulipopita kwenye korongo nilisikia kitu nyuma yetu kikilia mara moja, kama mlango wenye bawaba kavu. Tulisimama, akachungulia chini, hakuona kitu. Tukaendelea. Kikalia tena.

Kabla ya mteremko wa mto Athi, jirani yetu alitusimamisha, mtoto wake mgongoni. Alitaka kupanda juu ya magunia kwenye trela, kama watu wote walivyofanya siku zile.

"Kule hapana," nikamwambia. "Njoo tubanane hapa mbele."

"Tutakuumiza, Mama. Kule kuna nafasi."

"Njoo hapa!" Nilipaza sauti hata mimi mwenyewe nikashtuka. Aliingia amenuna, nikampakata mtoto.

Hatukuwa tumefika mbali. Kile kilio kikaja, safari hii hakikukatika. Gari likaruka mbele kama lililosukumwa, na kwenye kioo nikaona trela ikituacha, ikikata kichaka, ikapinduka kwenye korongo. Mume wangu alipambana na usukani mpaka tukasimama, vumbi likatufunika. Jirani yangu aliniondolea mtoto mapajani, akashuka, akaketi chini.

Chasi ilikuwa imekatika nyuma ya springi, na kulabu ikaenda na kipande chake. Mume wangu alipitisha kidole pale ilipokatika. Sehemu kubwa ilikuwa na kutu. Ukingo tu ndio uliong'aa. Ufa ule ulikuwepo siku nyingi, na sisi tukipita juu ya mto.

Tulipotelemka korongoni, pipa lilikuwa limepasuka. Mahindi yalikuwa yamelowa mafuta ya taa, harufu ikichoma macho. Nilidhani hakuna anayeishi upande ule, lakini watu walikuwa wanatoka vichakani, wanawake wengi, na vibuyu na leso.

"Msichukue!" mume wangu alipiga kelele. "Yameharibika! Mtaua watoto!"

Mwanamke mmoja alisimama, akamtazama bila hasira. "Tutayaosha," alisema.

"Kwa maji gani?"

Mwanamke yule alipiga magoti pamoja na wenzake, wakaanza kuzoa. Mume wangu akazunguka akiwasihi mmoja mmoja, mpaka sauti ikamkauka.