Ombi Nililotoa kwa Ajili ya Senge

Moshi wa magunzi hauchomi macho kama moshi wa kuni. Ni mwepesi, una utamu kidogo, na hukaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Nikiunusa leo, popote nilipo, narudi Kamukuywa, kwenye ua wa bibi yangu mwezi wa Desemba, mahindi yameanikwa juu ya turubai la buluu na mimi nimekaa pembeni nikiyapukuchua hadi vidole gumba vinachubuka. Nyumbani kwetu ni Kitale, mtaa wa Tuwan, lakini kila shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka baba alinipeleka kwao Kamukuywa, huko Bungoma, nikasaidie kazi ya mavuno. Msimu ninaousimulia hapa nilikuwa na miaka kumi. Kazi yenyewe sikuipenda hata kidogo, na nilikuwa na uvivu ambao Kukhu, yaani bibi yangu, aliutangazia majirani bila kupunguza sauti. Nilichokipenda ni kukaa na Senge Rodah.

Senge ni dada wa baba. Huyu wangu alikuwa hajaolewa, akiishi na Kukhu, na Jumapili alifundisha watoto katika kanisa la mabati lililokuwa ng'ambo ya shamba letu. Alikuwa mrefu, mpole wa kuongea, na akicheka alifunika mdomo kwa upindo wa leso. Watoto walimganda. Hata wale watundu waliokuwa wakitupiana mawe njiani, wakifika kwake walitulia. Darasa lile lilikuwa ndilo jambo lake hapa duniani, na ninaliandika hili mapema ili ijulikane nilichokigusa.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Kama Mungu alijua Adamu angekula lile tunda, mbona aliupanda mti? Na mababu zetu waliokufa kabla ya wamisionari kufika, wako wapi? Kitale, mama alinijibu kwamba maswali kama hayo huletwa na shetani, kisha akanituma nikaoshe vyombo. Senge hakunituma popote. Aliendelea kupukuchua, akalifikiria swali langu muda mrefu kana kwamba nimemuuliza mambo ya maana, halafu akasema, "Hiyo hata mimi imenisumbua. Sijui, mama. Wewe unaona aje?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hajui. Walimu walijua, wazazi walijua, mchungaji ndiyo usiseme. Nilianza kuamka nikiwa na hamu ya kwenda kwenye turubai, na Kukhu akadhani uvivu umeniisha.

Mchana mmoja Kukhu alikuwa amekwenda sokoni na tulibaki wawili. Nilimuuliza Senge kitu nilichodhani ni chepesi: yeye akiomba, anasikia nini? Mikono yake ikasimama.

"Zamani nilikuwa nasikia kuna mtu," akasema. "Siku hizi naongea tu. Ni kama kupiga hodi kwa nyumba na hujui kama wenyewe walihama."

"Sasa si uache?"

"Nikiacha, na kama wako ndani?" Akacheka, leso mdomoni. Kisha akachukua hindi jingine tukaendelea. Hakuniambia nisimwambie mtu. Nimetamani mara nyingi angeniambia, maana nisingethubutu. Aliniamini tu, kama mtu anavyomwamini mwenzake wa rika moja.

Lakini mimi sikuwa wa rika lake. Nilikuwa mtoto aliyefundishwa habari za moto wa jehanamu, na tangu siku ile nilikuwa nikimwona Senge ndani yake, na ile leso yake. Nilimtazama akisonga ugali na nikataka kulia. Na yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa ametufundisha darasani jambo la kufanya mtu wako akiwa na shida. Unasimama wakati wa maombi. Unasalimia kanisa, unataja jina lako, unasema haja waziwazi kisha unaketi. "Musizungukezunguke," alituambia. "Watu hawawezi kuombea kitu hawajui."

Jumapili ya shukrani ya mavuno ilifika. Kila familia ilibeba mahindi, madebe yakajaa mbele ya madhabahu na kanisa zima likanuka ghala. Mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama kutoka kwenye benchi la watoto. Senge alikuwa ameketi nasi, akanirekebishia kola nilipoinuka. Alitabasamu, maana nilikuwa mwoga wa kusimama mbele za watu na yeye alikuwa amenifundisha kwa subira.

"Bwana asifiwe," nikasema, wakaitikia amina. "Naitwa Naliaka. Naomba mniombee senge yangu Rodah, kwa sababu akiomba hasikii mtu, na hajui kama Mungu yuko. Asante."

Nilipoketi, Senge alisogea kunipa nafasi, kama kawaida. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alipangusa jasho, akasema, "Dada Rodah, hebu kuja hapa mbele," na Senge akaenda. Kina mama walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wengine wakiomba kwa Kiswahili na wengine kwa Lubukusu, na kwa ule msukumo kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Hakuna aliyekiokota. Mimi nilifumba macho kwa nguvu zote ili ombi lifike. Nilijua nimefanya jambo jema, na ndani ya ule wema kulikuwa na kitu kingine ambacho sina budi kukisema. Jumapili iliyotangulia msichana mmoja alikuwa ameombewa mguu, kisha kina mama wote wakamkumbatia. Nami nilitaka kukumbatiwa. Nilimpenda Senge, nilimwogopea, na nilitaka kutazamwa. Miaka yote hii nimejaribu kuvitenganisha vitatu hivyo na nimeshindwa.

Mwaka mpya ulipoanza darasa la watoto lilipewa mke wa mzee wa kanisa, ili Rodah apumzike kidogo. Hakuitwa tena. Kwenye posho mill, tulikokwenda kusaga unga, nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ndio maana hata bwana hajapata. Ati anafundisha watoto yetu na yeye mwenyewe haamini." Kukhu alimpa chakula bila kumtazama. Senge hakunigombeza, wala hakununa. Alinisuka nywele kabla sijarudi Kitale, na akanifungia viazi vitamu vya kumpelekea mama. Ila siku ya mwisho kwenye turubai nilimuuliza kwa nini Mungu anaacha mtu aaibike. Sikuuliza kwa hila, nilikuwa nimeanza tu kuelewa. Akajibu haraka, bila kuinua macho, "Mungu ana sababu yake. Pukuchua mahindi." Lilikuwa jibu la mama yangu, na la kila mtu. Hapo ndipo nilipojua nimempoteza, naye ameketi karibu nami kiasi kwamba magoti yetu yaligusana.

Nilimwomba msamaha nikiwa mkubwa, baada ya kumaliza chuo. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, na ulinipenda." Ningeona nafuu angenitukana.

Siku hizi mambo ni mengine. Ofisini kwetu Kitale yuko kijana anayesema mbele ya wote, saa ya chai, kwamba yeye haamini, na bado tunampitishia mandazi. Mpwa wangu alimwambia baba yangu, yaani babu yake, mezani, "Guka, mimi hayo mambo ya church bado najipanga," na baba, mzee wa kanisa mstaafu, akamwambia asogeze mboga. Nilimtazama baba nikashikwa na hasira ambayo sikuwa na haki nayo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe mtu angeweza kusema yale maneno na siku ikaendelea. Senge aliyasema mapema mno, na akamwambia mtu asiyefaa, na mtu huyo ni mimi.

Desemba iliyopita nilikwenda Kamukuywa na binti yangu. Siku hizi mahindi hupukuchuliwa kwa mashine, kelele tupu, na kabla ya saa sita kazi imekwisha. Kukhu alishatutoka. Senge ameota mvi kichwa kizima, na kila Jumapili bado huenda kanisani na kuketi benchi la nyuma. Nilimkuta uani akichambua mahindi kwenye ungo, binti yangu akaketi karibu naye kumsaidia. Nilikuwa nimebeba jambo kwa miezi mingi, na duniani hapakuwa na mwingine ambaye ningeweza kumwambia.

"Senge," nikasema, "siku hizi sijui kama naamini."

Mikono yake ilisimama. Aliinua macho, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, ambaye naye alikuwa ameacha kuchambua na kutega masikio.

"Mungu ni mwema," akasema.

Maneno hayo katika makanisa yetu yana jibu moja tu. Nilisubiri aongeze kitu, hata neno moja la zamani. Naye alisubiri, macho yake bado yako kwa mtoto, na nikaona kwamba anaogopa.

"Wakati wote," nikaitikia.