Kijiko cha Mama Pindo

Mume wa Mama Pindo alikuwa mpiga mnada. Watu walimwita Kengele, maana akipanda juu ya meza ya mitumba na kufungua kinywa, hata walio mtaa wa pili waligeuza shingo. Basi kikohozi kilipomshika, kilimshika pabaya. Kilikuwa kikavu, cha mfululizo, kikaingia wiki ya saba. Akianza kunadi shati kifua kinamkaba, machozi yanamtoka, wateja wanahamia meza nyingine. Mwenye mnada akamwambia apumzike kwanza. Haukupita muda, mtu mwingine akapanda juu ya meza yake.

Nyumba ikabaki kuegemea cherehani ya mkewe, aliyekuwa akipinda sare za wanafunzi.

Zahanati walimwandikia dawa ya maji, ya kutuliza kikohozi na kulegeza makohozi. Dada wa dirisha la dawa aliwaeleza taratibu: "Mililita tano, mara tatu kwa siku, kwa kikombe hiki kidogo. Usizidishe hata kidogo. Usinywe na pombe wala na dawa yoyote inayoleta usingizi. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hapana, dada," Kengele akajibu.

Mama Pindo akainamisha macho. Mumewe alikuwa amepewa vidonge vya presha miezi mitatu nyuma, na hakutaka mtu ajue. Angemuumbuaje mbele ya foleni nzima?

Siku ya nne hali ilikuwa ile ile. Adhuhuri Kengele alikohoa mpaka akatapika, akashika mbavu, akaegemea ukuta.

"Mke wangu, nimechoka. Bora nife tu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kumsikia akisema hivyo. Maneno yalimkata maini. Akatafuta kile kikombe cha kupimia, hakukiona mezani wala chini ya kitanda. Akachomoa kijiko cha kula kwenye vyombo, akakijaza hadi kikafurika. Akajaza cha pili. Kisha akakumbuka vidonge vyake mwenyewe, alivyokuwa akimeza vumbi la vitambaa likimpandisha mafua. Mimi hunilaza kama gogo, akawaza, acha na yeye apate usingizi. Akampa viwili.

"Kunywa, baba. Ulale."

Akalala. Kikohozi kikakatika, na Mama Pindo akarudi kwenye cherehani akimshukuru Mungu. Alipinda sketi tatu. Alipokuwa akibadilisha uzi ndipo ukimya ule ulipomtia shaka. Alikwenda kumtazama. Kifua kilipanda, kikashuka, kisha hakikupanda tena. Akahesabu moyoni mpaka nane ndipo kikapanda. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwita, akamtikisa, akampiga makofi ya shavu. Shingo ililegea tu.

Mayowe yake yalimleta jirani, fundi wa kuchomelea vyuma. Wakambeba mpaka kwenye pikapu ya fundi. Njia nzima Mama Pindo aliweka kiganja puani mwa mumewe, akimbembeleza: "Vuta basi, mume wangu. Vuta moja tu."

Hospitalini daktari aliuliza swali moja: "Amekunywa nini?"

Mama Pindo akakaza kanga yake. Fundi alikuwa anamtazama, wauguzi wanamtazama.

"Mama, kila ukikaa kimya unampunguzia muda."

Akatoa chupa aliyoifutika kwenye kanga, akasema yote: vijiko viwili, vidonge vyake vya mafua, na vile vya presha vya mumewe. Wakamdunga Kengele sindano ya kuivunja nguvu ile dawa, wakamwekea hewa, wakamfungia mlango mkewe. Alikaa sakafuni, akijiita muuaji kwa sauti ya chini, mpaka jua likaanza kuzama.

Kengele alifumbua macho kesho yake asubuhi. Daktari alimwambia Mama Pindo kwamba kijiko kimoja cha kula kilikuwa kama dozi tatu, na kwamba vidonge vya kuleta usingizi juu yake ndivyo vilivyotaka kumzimisha pumzi. Kisha akashika kijikaratasi cha vidonge vya presha, ambacho Mama Pindo alikuwa amekileta kutoka nyumbani. "Na kikohozi chenyewe, nadhani kimeletwa na dawa hizi. Baadhi ya watu huwakohoza. Mngetutajia tangu mwanzo, tungembadilishia tu."

Walimbadilishia. Baada ya mwezi kikohozi kilikuwa kimekwisha, ingawa meza yake ya mnada haikurudi.

Mama Pindo alikiri yote kwa mumewe jioni ile waliyorudi nyumbani kutoka hospitalini. Kengele alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta. Siku mbili hawakusemeshana. Siku ya tatu alimkuta mkewe amejiinamia juu ya kitambaa, hashoni.

"Pale dirishani mimi ndiye niliyedanganya," akasema. "Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu."

 Mama Pindo alilia, na Kengele akavuta kigoda, akaketi karibu yake.