Siku Mngurumo Ulipoonyeshwa Bure

Hubert alifika Kitshanga na mkewe Epiphanie, na wajukuu wawili walioachwa na marehemu mwanawe Luc, na mfuko wa ngozi ya swala ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mkewe alibeba sufuria. Yeye alibeba mfuko, na katika njia nzima kutoka Walikale hakuubadilisha bega.

Huko kwao msituni alikuwa mwindaji wa nyavu, tena mmoja wa wazee wanne wenye jando. Vita vilipoingia kijijini, watatu waliuawa siku moja, na kazi yao yote ikamwangukia yeye.

Jando la watu wake lilisimama juu ya jambo moja. Wavulana walipopelekwa msituni, mngurumo ulisikika bondeni, mara mbali, mara karibu hadi kuku wakakimbilia ndani. Wanawake waliambiwa kwamba huyo ni Babu wa Msitu, amewameza watoto wao na atawatapika wakiwa wanaume. Hapo kila mama alilala kifudifudi uani na kulia, wala hakuinua uso mpaka Babu anyamaze. Ni wanaume waliopita jandoni tu walioambiwa ukweli: Babu ni kipande cha ubao kilichofungwa kamba, kinazungushwa hewani na mtu mwenye bega la nguvu. Ubao huo ulitoka katika mti mmoja wa kule, na ulikatwa na wazee wanne pamoja. Mmoja peke yake hakuwa na ruhusa. Na ilikuwepo sheria: siku mwanamke atakapoujua, ubao umekufa, uchomwe moto siku hiyohiyo.

Ubao ndio uliokuwa ndani ya mfuko.

Kitshanga ni mahali pa baridi, pa ng'ombe na pikipiki. Mtu wa msitu akiishi pale chini ya shitingi, turubai la msaada la kambini, anajiona kama mgonjwa aliyesahauliwa hospitalini. Watoto walikua wakijua foleni ya maji, kila mmoja na bido lake, yaani dumu, na foleni ya maharagwe, basi. Nani angewafundisha kunyamaza? Nani angewafundisha kuumia bila kupiga kelele? Lakini Hubert alikuwa amepata kibonde nyuma ya kilima, mwenye shamba amekubali, na wazazi kadhaa wa kutoka Walikale wamemwahidi watoto wao. Kiangazi kikifika angefungua jando, na mjukuu wake Benoît angekuwa wa kwanza. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimwamsha asubuhi.

Jumamosi moja vijana walifika kutoka Goma na projekta na jenereta, wakatangaza kwamba mchana katika ukumbi wa parokia wataonyesha filamu fupi za michoro, zile watu wanaziita desen anime, na kwamba kuingia ni bure. Kambi nzima ikatoka. Muhindo, mwenye duka kando ya ukumbi, alimwona Hubert akipita ameshika mkono wa mjukuu wake mdogo, Kétsia.

"Papa Hubert, nawe unaenda kuangalia panya benye kuvaa suruali?"

"Naenda na huyu mutoto, asipotee mu bantu."

"Sema kweli tu. Hata miye nafunga duka. Iko bure, na miye Munande, kabila ya banabiashara, kitu ya bure sijawahi kuiacha ipite."

Ndani walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi. Watoto walikaa chini, akina mama kwenye viti virefu, wanaume wamesimama kando ya kuta. Katika filamu ya kwanza kuku alikataa kunawa, akaugua, akabebwa na bata kwenye machela. Katika ya pili mbuzi wawili waligombania kisima hadi wote wakatumbukia. Hubert alijikuta anacheka. Ilikuwa miezi mingi hajacheka, na mashavu yalimuuma.

Ya tatu ilianza na msitu.

Hubert aliutambua. Ulikuwa msitu wake, na ukungu wake, na majani yake mapana, na njia nyembamba iliyofungwa fundo la nyasi kuonya wasiotahiriwa wasipite. Kisha kwenye maspika ukatoka mngurumo. Hubert aliona akina mama wa Walikale, Epiphanie akiwa katikati yao, wakiinamisha vichwa wote kwa pamoja, pale pale kwenye viti vya parokia. Kabla hajajua afikirie nini, picha ilizunguka nyuma ya majani, na huyo hapo, mzee mwenye pua kubwa kama ndizi, anazungusha ubao kwa kamba, anatoa jasho. Mtoto wa kuchorwa akatokeza kichwa kichakani, akasema: "Kumbe njo hii tu?"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Watoto wadogo, wasichana, watu wa makabila yote, wanajeshi wawili waliosimama mlangoni. Kétsia alicheka mpaka akashika tumbo.

Hubert hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita katikati ya watoto. Alijikuta mbele ya shuka jeupe, mikono ameitandaza, anaziba. Lakini picha haikuzibika, ilimpanda yeye. Mzee mwenye pua akawa anazungusha ubao juu ya kifua cha Hubert, kamba ikimpita usoni, na kicheko kikaongezeka mara mbili. Mtu akasema kutoka nyuma, "Papa, ikala chini, hauko wa kioo."

Kijana mwenye projekta, jina lake Archange, akasimamisha filamu na kuja mbele kwa adabu.

"Papa, kuko matatizo?"

"Zima."

"Nimeshazima, Papa. Pole. Ila mwisho wake iko muzuri, ule mutoto anarudia kwabo mwanaume."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Muzee moja wa Goma njo alitueleza. Anasema baba yake alikuwa wa kwenu. Tulitengeneza juu isipotee, Papa. Bazee banaisha."

Hubert alimtazama kijana yule, shati lake safi, macho yake yasiyo na ubaya wowote. Angekuwa na ubaya, ingekuwa rahisi. Alimwacha Kétsia kwa bibi yake, akatoka.

Kibandani hakukuwa na mtu. Alikoka moto, akatoa ubao mfukoni, akauweka juu ya makaa bila kusita, kwa maana sheria haikumwachia nafasi ya kusita. Ulikuwa mti mgumu, ulichelewa kushika. Alikaa akiutazama mpaka kamba ikakatika na ncha zote mbili zikawa nyekundu.

Epiphanie alirudi wakati huo, akasimama mlangoni akinusa.

"Papa Luc, unachoma nini?"

"Usiingie. Mumeona kitu hamukupaswa kuona. Utalala kwa Mama Vestine mpaka nipate kuku mweupe wa kukusafisha."

Aliingia tu. Aliinama juu ya moto, akaona kipande cha kamba kando ya jiwe, akaketi chini kama mtu aliyesukumwa.

"Umechoma ubao," alisema.

Hubert aligeuza kichwa taratibu. Katika miaka yote ya ndoa hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwake.

"Umeujua leo, mu sinema."

"Leo nimeona picha yake mubaya tu. Bale batoto habajue kuchora. Yetu ilikuwa na kiuno, na tundu iko kwa pembeni."

"Nani alikuambia?"

"Mama yangu, mbele ya kuolewa. Naye aliambiwa na mama yake. Banamuke bote banajua, Papa Luc."

"Na kule kulia?"

"Kulia tunafundishwa. Weye unafikiri muntu analiaka vile bila kufundishwa? Siku ya jando ya Luc nililia mpaka sauti ikakatika, na nilijua ni weye uko unazungusha. Ulirudia na bega ya kuume imevimba, ukasema ulianguka. Nikakukanda, nikakuambia pole."

Aliikumbuka siku ile. Aliyakumbuka mafuta ya mawese na mikono yake, na jinsi alivyojisifu moyoni kwamba amemficha.

"Sababu gani hamukusema?"

"Tungesema, mungebakia mumeshika mbao tu. Na batoto bangekuwa banaume namna gani?"

Hubert alichukua kijiti, akauvuta ubao kutoka motoni. Ulivunjika ukawa makaa. Alivuta vipande, akavipanga chini, akaona havipangiki. Sheria ilikuwa imevunjwa kabla yeye hajazaliwa, kabla baba yake hajazaliwa, na Babu alinguruma miaka yote hiyo, na wavulana walitoka wanaume. Alikuwa na swali la kuwauliza wale wazee watatu: na ninyi, mlijua kwamba wanajua?

"Miye na Mama Vestine," Epiphanie alisema polepole, "tulishaongea nani atalia wa kwanza kiangazi hiki." Kisha akafunika uso kwa kitenge.

Kiangazi kilipofika, wavulana wa Walikale walipelekwa kwa pikipiki kwenye dispensari, wawili wawili nyuma ya dereva, Benoît mmoja wao. Walidungwa sindano, wakakatwa, wakapewa biskuti. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita.

Asubuhi hiyo, pikipiki zilipozama nyuma ya kilima, akina mama walitoka wakalala kifudifudi katikati ya vibanda, wakalia. Majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa. Walilia kama walivyofundishwa, wakipandisha sauti, kisha wakiishusha ili kusikiliza, na kila waliposhusha palisikika jenereta ya kinu cha unga na ng'ombe wa watu. Wakapandisha tena. Wakasikiliza tena. Hubert alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kuume ameunyanyua, wala hakuwa na kitu cha kushika.

Mama Vestine aliinua uso wa kwanza. Halafu mwingine. Epiphanie alikuwa wa mwisho. Alisimama, akapangusa vumbi kifuani, akamgeukia mumewe.

"Lete bido, Papa Luc," alisema. "Maji imefika."